Nani Mwingine Anamlipa?

Wanangu mnaoanza kazi na kuanza kulea kwa wakati mmoja, nawaandikia kwa sababu mmenichosha. Tangu nistaafu na kurudi hapa Wundanyi, haipiti wiki bila mmoja wenu kunibishia mlango, mtoto begani na simu mkononi, akitaka kujua kwa nini ofisi ya kodi inamdai ilhali mwajiri wake humkata kila mwezi. Nampikia chai, namweleza, anaondoka, na kesho yake anakuja mwingine na swali lile lile. Sasa nimeandika. Atakayekuja baada ya leo nitampa karatasi hizi, na chai atajipikia mwenyewe.

Nilikuwa karani wa mishahara karibu maisha yangu yote ya kazi, na miaka kumi na mitatu kati ya hiyo niliimalizia Doha, katika hoteli moja ndefu ya West Bay. Watu hunicheka nikisema kwamba kodi nilijifunza Doha. Wana haki ya kucheka, maana Doha mshahara haukatwi kodi. Yalikuwa ndiyo maneno ya kwanza niliyoambiwa na Mganda aliyenipokea uwanja wa ndege: "Hapa mafi kodi, Mama! Unachopewa ndicho unachokula." Mafi ni Kiarabu cha huko, maana yake hakuna, na baada ya wiki mbili nami nilikuwa nasema mafi maji, mafi basi, mafi usingizi kama mwenyeji.

Lakini kodi ina miguu. Usipoikuta ulipo, inakungoja nyumbani. Sisi tulikuwa Doha, lakini wake zetu na waume zetu walikuwa Machakos na Kakamega na Voi, wakikatwa kodi, wakidaiwa ritani, ile taarifa ya mapato ya mwaka, kila mwisho wa Juni, na wakipiga simu kutuuliza sisi tuliokuwa "ng'ambo" kama kwamba ng'ambo hufundisha kila kitu. Kwa kuwa nilishika mishahara, wenzangu waliniletea mimi. Kila Ijumaa baada ya ibada niliketi kwenye kibanda cha chai pale Al Sadd, mimi na laptop yangu iliyolegea bawaba, na watu wakapanga foleni. Malipo yangu yalikuwa chai ya maziwa na iliki, ile wanayoiita karak, ya riyali moja. Kuna Ijumaa nilikunywa karak tisa na moyo ukanienda mbio hadi Jumamosi.

Ijumaa ilikuwa na faida nyingine ambayo wengi hawakuifikiria. Doha ni siku ya mapumziko, lakini Nairobi ni siku ya kazi. Mwenye shida na ofisi yoyote ya nyumbani, saa zake ni zile. Jumapili, sisi tukiwa kazini, Kenya wamefunga. Hili nililielewa baada ya kupiga simu Jumapili nne mfululizo nikiwatukana kimoyomoyo kwamba hawashiki simu.

Sasa niwaambie kuhusu Bwana Kurian, maana bila yeye sina cha kuandika.

Bwana Kurian alikuwa mtu wa Kerala, mkuu wangu wa kazi, mfupi, mkimya, na kalamu ya risasi siku zote nyuma ya sikio. Nilipofika Doha bado tulilipa kwa bahasha. Noti zinahesabiwa, zinatiwa ndani, jina linaandikwa juu, na wafanyakazi wanapanga foleni korido nzima hadi jikoni. Mwisho wa miaka yangu kila mtu alikuwa na kadi ya benki na bahasha zimebaki za kuwekea risiti. Kutoka bahasha hadi kadi, Bwana Kurian hakubadilisha jambo moja: ukimpelekea karatasi ya mshahara wa mtu yeyote, hakugusa ile kalamu kabla ya kuuliza, "Nani mwingine anamlipa?"

Mwanzoni niliona ni udhia wa kizee. Mtu ameajiriwa na hoteli, nani mwingine amlipe? Mpaka siku niliyomlipa Ssali, mhudumu wa Kiganda, saa za ziada za harusi tatu. Hesabu yangu ilikuwa sawasawa. Tatizo ni kwamba idara ya karamu nayo ilikuwa imemlipa saa zile zile wiki moja kabla, na mimi sikuuliza. Bwana Kurian hakunifokea. Alinituma tu nikaombe pesa zirudishwe. Nikamkuta Ssali kwenye kantini ya wafanyakazi.

"Ssali, baba, nimekulipa mara mbili. Naomba zile pesa."

Akaweka kijiko chini kwa adabu. "Mama, hizo pesa zishakuwa mabati. Ziko juu ya nyumba Masaka. Labda upande ukazibandue."

Zilikatwa kidogo kidogo kwa miezi mitano, na miezi yote hiyo kila tukikutana kwenye lifti aliniuliza kama nimeshapata ngazi. Tangu hapo swali la Bwana Kurian nikalibandika mbele ya kompyuta yangu, nimeliandika kwa kalamu nyekundu. Kumbukeni hilo, kwa sababu swali lilibaki pale ofisini na mimi nikaenda kuketi Al Sadd bila hilo.

Kabla sijafika huko, nimalize kitu kimoja ambacho kila mzazi mpya huniuliza. Je, mtoto hupunguza kodi? Hotelini kulikuwa na kijana wa jikoni aliyenijia mbio kibandani na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, akitaka nikitume Kenya mkewe apunguziwe. Fundi mmoja wa Kimarekani alikuwa amemwambia kwamba kwao ukipata mtoto unajaza fomu na mwajiri anakukata kidogo. Nikamwambia hayo ni ya kwao. Kwetu mtoto analeta baraka, nepi na usingizi wa mang'amung'amu, lakini kwenye kodi ya mshahara hayumo. Kinachoweza kukupa nafuu ni kama umemkatia bima ya elimu ya miaka mingi, na hapo ni mpaka umpelekee mwajiri cheti cha bima. Wengi hulipa bima, cheti wakakilaza kabatini, halafu wanashangaa. Kijana akakunja cheti chake akasema, "Basi hata sijui nilikuwa naharakia nini." Tulicheka mpaka mwenye kibanda akatuuliza kuna nini.

Haya. Kioko.

Kioko alikuwa msimamizi wa walinzi wa mlango wa nyuma, ule wa mizigo, na kila asubuhi nilipita mbele yake. Mtu wa Machakos, mrefu, suruali yake imepigwa pasi utadhani ameajiriwa kulinda ile mikunjo. Likizo zetu zilikuwa kila baada ya miaka miwili. Alikwenda likizo moja, akarudi, na mwezi wa pili wa mwaka uliofuata akanisimamisha mlangoni na simu. Picha ilikuwa ya kitambaa cha buluu, na ndani ya kitambaa uso mdogo uliokunjamana.

"Mama Wakio, huyu ni Mutanu."

Mutanu kwa Kikamba ni furaha. Sikuwahi kuona mlinzi akilia na kofia kichwani.

Mwezi wa Juni mwaka huo akaniletea, Ijumaa pale kwa karak, kadi ya mwaka ya mkewe Mwende, ile P9 ambayo mwajiri humpa mfanyakazi ikionyesha alicholipwa na alichokatwa. Mwende alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya binafsi. Ndio kwanza ana mtoto mchanga, hana nguvu ya kukaa cyber, akamtumia mumewe nywila ya akaunti yake ya kodi, na mumewe akanipa mimi. Nikajaza. Mapato haya, makato haya, hakuna deni. Robo saa, nimemaliza. Ritani ile ilikuwa sahihi kabisa.

Juni iliyofuata akaja tena. Hospitali ile ile, P9 mpya, nywila ile ile. Nikajaza kwa dakika kumi na kujisifu kwamba nimepunguza tano. Kioko akaninunulia karak na chapati. Sikuuliza kitu.

Likizo yake ilikuwa imefika, lakini hoteli ilijaa wageni wa mikutano, wakamsogezea hadi Desemba. Alikuwa ameshaanza kununua. Chini ya kitanda chake kwenye nyumba ya wafanyakazi kulikuwa na sanduku la viatu vya mtoto, kila jozi kubwa kidogo kuliko iliyotangulia, kwa sababu alinunua kwa kukisia na mguu wa mtoto haungoji. Hakuwa amemshika Mutanu hata mara moja. Mtoto alimjua ndani ya simu. Mwende alituambia kwamba akiulizwa baba yuko wapi, anakwenda kuichukua simu mezani.

Mwezi wa kumi serikali ya kaunti ikatangaza kazi za wauguzi. Kazi ya kudumu, pensheni, bima ya matibabu kwa familia nzima. Mwende akaitwa. Walikuwa wamekubaliana tangu zamani, akiipata hiyo, Kioko anamaliza mkataba wake na kurudi nyumbani moja kwa moja. Kilichobaki ni vyeti tu, na kimojawapo ni kile cha kuonyesha kwamba huna deni la kodi. Walimpa wiki tatu.

Ijumaa nikiwa hata sijafungua laptop, Kioko akaja bila kusalimia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama, wamekataa. Cheti. Wanasema Mwende ako na deni."

"Deni gani? Nilijaza mwenyewe."

"Ndio wanasema hivyo."

Nikaingia kwenye akaunti. Mtandao wa pale kibandani ulikuwa wa kubembeleza, ukurasa ukafunguka nusu, ukasimama, ukafunguka tena. Na pale, chini ya jina la hospitali, kulikuwa na jina la pili. Kliniki fulani ya Machakos. Nayo ilikuwa imepeleka taarifa kwamba inamlipa Mwende, kila mwezi, tangu mtoto ana miezi mitatu.

Kioko alisoma juu ya bega langu. Alisoma mara mbili. Mimi niliona swali la Bwana Kurian kana kwamba limeandikwa pale kwenye skrini, na jibu lake chini. Lakini yeye hakuwa anafikiria kodi. Mume aliye mbali, akiona mtu asiyemjua anampa mkewe pesa kila mwezi, hafikirii kodi.

Akampigia. Simu akaiweka juu ya meza, sauti wazi, labda ili asije akasema neno asiloweza kulirudisha. Nikataka kuondoka, akanishika mkono wa kanzu.

"Mwende. Hii kliniki ya hapo town ni ya nani?"

Nyuma yake tukamsikia mtoto akipiga sufuria.

"Nani amekuambia?"

"Nauliza tu."

"Naendanga Saturday na Sunday. Tangu nitoke maternity."

"Na mtoto?"

"Anabaki na mama."

"Na mimi hukuniambia."

"Ningekuambia nini, Kioko? Ati ile unatuma haitoshi? Wewe mwenyewe ulisema umekula mkate na chai mwezi mzima ndio utume zote. Unajua maziwa ya kopo ni pesa ngapi? Unajua msichana wa kazi ni pesa ngapi? Nikaona wacha nijisaidie nisikuumize roho."

Kioko akafunga macho. Mimi nikajikuta nimeingilia, mdomo wangu haujawahi kungoja kualikwa.

"Mwende, mwanangu, ni Mama Wakio. Hao wa kliniki walikuwa wakikukata kodi?"

"Walikuwa wanakata! Kila mwezi! Payslip zao zote niko nazo. Mimi nilijua wakishakata imeisha, khalas. Ndio maana sikuona haja ya kuwatumia hiyo P9 ingine, ati niwape kazi mbili."

Wanangu, hapa ndipo mahali mnapoangukia nyote, kwa hiyo simameni kidogo.

Mwajiri anapokukata kodi, anakisia kwa kile anachokupa yeye. Hajui unachopata kwingine. Serikali humpa kila mfanyakazi nafuu kidogo ya kodi kila mwezi, na shilingi zako za kwanza hukatwa kwa kiwango kidogo. Hospitali ikampa Mwende nafuu hiyo. Kliniki nayo, ikidhani ndiyo mwajiri pekee, ikampa tena, na kuanza kumkata kutoka kiwango cha chini. Ni kama mtoto aliyekula kwa shangazi kisha akaenda kula kwa bibi. Kila mmoja ana hakika ndiye aliyemlisha peke yake. Hakuna aliyeiba. Wote wawili walikata, na bado kodi iliyokatwa ilikuwa pungufu. Dawa yake ni sentensi moja tu siku ya kwanza kwa mwajiri wa pili: "Mimi ni mwajiriwa kwingine, nafuu napata kule, ninyi msinipe." Mshahara wa pili utakuja mwembamba na utanuna. Nuna, lakini lala usingizi.

Na mwisho wa mwaka unajaza P9 zote. Zote. Hata kama ya pili ni ya miezi miwili. Maana ofisi ya kodi inaziona zote, ukificha moja unajificha nyuma ya kidole.

Deni la Mwende lilikuwa na vichwa vitatu, na kila mzazi anayenijia huwa anaviona kama kimoja. Kuna kodi yenyewe iliyopungua. Kuna adhabu ya kutoilipa kwa wakati. Na kuna riba, ambayo huongezeka kila mwezi uwe macho uwe umelala. Vikijumlishwa vilipita mshahara wa Kioko wa mwezi mzima. Akiba yao yote walikuwa wameilaza kwenye kiwanja.

Nilimwambia Kioko pale pale kwamba kosa ni langu. Nilimwambia kwamba kwa miaka kumi nililipwa mshahara ili niulize swali moja, na kwake sikuliuliza kwa sababu nilitaka kumaliza kwa dakika kumi. Yeye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, hata mimi sikumuuliza. Na ni bibi yangu." Akanyanyuka akaenda zake, karak yake nzima mezani.

Jumapili asubuhi alikuwa mlangoni mwa ofisi yangu na fomu.

Hotelini kwetu kulikuwa na jambo tuliloliita kuuza likizo. Ukikubali kutokwenda nyumbani, unalipwa siku zako za likizo na thamani ya tiketi yako ya ndege. Waliokuwa na shida waliuza. Karani wa mishahara ndiye anayehesabu, ndiye anayeandika "imelipwa" mahali palipokuwa na tarehe ya safari.

"Kioko, hii ni Desemba. Hii ni Mutanu."

"Najua ni nini, Mama."

"Tungoje tuone kama watakubali kulipwa kidogo kidogo."

"Wiki tatu zimebaki mbili. Hesabu tu."

Nikahesabu. Siku za likizo, mara mshahara wa siku, jumlisha tiketi. Nimefanya hesabu hiyo kwa mamia ya watu, naifanya nikiwa nazungumza na simu. Siku ile nilikosea mara mbili. Bwana Kurian alikuwa meza ya pili, kalamu sikioni. Nilipomaliza akaja akatia sahihi yake chini ya yangu, na kabla ya kutia sahihi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuuliza swali lake.

Ijumaa ile sikwenda kibandani kunywa karak. Nilikaa kitandani kwangu na simu kuanzia Nairobi wanapofungua. Nilipigia ofisi ya kodi, nikazungushwa kutoka meza hii hadi ile, nikasikiliza muziki wao mpaka nikaukariri. Mwishowe nikapata mama mmoja mwenye sauti ya uchovu.

"Huyu Mwende ni nani wako?"

"Si wangu. Mimi ndiye niliyemjazia vibaya."

"Wewe ni mhasibu wake?"

"Mimi ni karani wa hoteli Doha. Nalipwa karak."

Akacheka, na tangu hapo tukaelewana. Akanieleza hatua kwa hatua, nami nawapa kama nilivyopewa, ingawa sheria hubadilika na kila mara muulize upya. Kwanza, rekebisha ritani, weka P9 zote mbili, usingoje wakurekebishie wao. Pili, lipa kodi yenyewe yote, hiyo haina maombi. Tatu, ukishalipa, andika barua kuomba usamehewe adhabu, useme ukweli na uambatanishe ushahidi. Nne, kile kitakachobaki uombe kukilipa kwa awamu, na ukikubaliwa, cheti hakikwami.

"Na huyo dada aambie kliniki wasimpe nafuu tena kuanzia mwezi huu," akaongeza, "la sivyo Juni ijayo utanipigia tena."

Nilirekebisha ritani ile kwa saa mbili unusu. Nilisoma kila mstari kwa sauti. Barua niliiandika mwenyewe, nikatia jina langu na kosa langu, na Mwende akaitia sahihi na kuambatanisha kadi ya chanjo ya mtoto, kuonyesha kwamba alikuwa na mchanga, pamoja na karatasi zake zote za mshahara, zile alizozipanga kabatini mwezi kwa mwezi. Hakuwa na la kuficha kwa serikali, maskini. Aliyefichwa ni mumewe.

Pesa za likizo ya Kioko zikalipa kodi yenyewe yote, na kilichobaki wakakubaliwa kukilipa kwa awamu. Cheti kilitoka Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho. Mwende alikipiga picha akamtumia Kioko, Kioko akanitumia mimi, mimi nikakichapisha na kumwekea Bwana Kurian mezani. Alikisoma kama anasoma gazeti, akakirudisha, akasema, "Sasa nani anamlipa?"

"Kaunti," nikamwambia. "Peke yake."

Adhabu walikuja kuisamehe miezi michache baadaye. Riba hawakuisamehe, na hiyo niliilipa mimi. Kioko alikataa, tukabishana mlangoni pale mbele ya lori la mboga, mpaka nikamwambia kwamba mimi ni sawa na mamake na asinivunjie heshima mbele ya vitunguu. Akakubali, akaenda kulifungulia lori lango.

Desemba ile alisimama lango la nyuma kama kawaida, suruali imenyooka. Siku ya Krismasi, ambayo kwetu ilikuwa siku ya kazi, nilimpelekea sahani ya pilau kutoka kantini. Nikamkuta ameegemeza simu kwenye daftari la wageni, na ndani ya simu Mutanu, amevaa viatu vilivyotumwa na msafiri, vikubwa mno, anatembea navyo kama bata. Kioko alikuwa anambembeleza, "Mutanu, angalia baba. Angalia hapa kidogo. Mwende, mlete karibu. Mutanu?" Mtoto hakuwa na habari naye. Alitazama viatu. Nikaweka sahani nikaondoka, na chooni nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mimi.

Mkataba wake uliisha mwaka uliofuata. Malipo yake ya mwisho niliyahesabu mimi na sikukosea hata mara moja. Ssali, aliyekuwa bado yupo na mabati yake, ndiye aliyembebea mizigo hadi kwenye gari.

Mwezi ulipita. Ijumaa moja nipo Al Sadd na foleni yangu, simu ikalia, namba ya Kenya.

"Mama Wakio! Ni Kioko. Niko home. Nimepata kazi ya gari ya shule, lakini nilitaka kukuuliza, hawa wa shule wakianza kunikata, ile nafuu inaku—"

Nyuma yake sauti ndogo ikaita, "Baba." Hakujibu. Ikaita tena, kwa ukali wa mtu mwenye nyumba, "Baba! Baba, weka simu!"

"Mama, ngoja kidogo," akasema. "Naitwa."

Nikangoja. Nikasikia simu ikiwekwa juu ya kitu, nyayo zikienda mbali, mtoto akicheka. Kisha mtu, nadhani ni Mwende, akaja akaikata.

Waliokuwa kwenye foleni wakaniuliza kuna nini, maana nilikuwa nafuta miwani. Nikawaambia hakuna. Nikamwita wa kwanza, binti wa Eldoret mwenye mimba ya miezi mitano, akaniwekea P9 ya mumewe mezani pamoja na riyali yangu moja. Sikugusa laptop.

"Nani mwingine anamlipa?" nikamuuliza.